Roboti Haisubiri Mshahara Upande

Desemba 2022, McDonald's ilifungua mgahawa wa majaribio nje kidogo ya Fort Worth, Texas. Mteja anaagiza kwa simu au kwa skrini ya kugusa. Aliyeagiza mapema akiwa na gari anapita njia yake maalumu, na mfuko wake unaletwa dirishani na mkanda unaojiendesha. Hakuna keshia wa kumpokea wala ukumbi wa kukaa kula. Video za mgahawa huo zilizagaa mitandaoni, na maneno yaliyoambatana nazo yalikuwa karibu yaleyale: mlitaka dola 15 kwa saa, haya, vuneni mlichopanda.

Waliosema hivyo walipitwa na jambo moja. Texas hufuata kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani, nacho ni dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu Julai 2009. Yaani mgahawa uliotangazwa kuwa adhabu ya wanaodai mshahara mkubwa ulijengwa mahali ambako sheria hairuhusu tu mshahara mdogo, imeuacha pale pale kwa zaidi ya miaka kumi. Na jikoni watu walikuwepo. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba idadi ya wafanyakazi pale inakaribiana na ya mgahawa wa kawaida. Walitolewa mbele ya wateja, wakapelekwa nyuma.

Nimeanza na Texas kwa sababu hoja kwamba wafanyakazi wanaodai nyongeza wanajiitia roboti imekuwa fimbo ya kuwachapia kwa muda mrefu, na wengi wameikubali bila kuikagua. Hata sisi tunaoandika na kusoma Kiswahili inatuhusu. Kwa miaka kadhaa hadi 2024 Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na kwa mtu aliyefika juzi na Kiingereza cha kuombea maji, jikoni kwenye mgahawa wa baga ni mojawapo ya milango ya kwanza ya ajira. Akiambiwa kwamba kazi hiyo itapotea kwa sababu yeye na wenzake wamefungua midomo, lawama inamwangukia mtu ambaye hajawahi kuulizwa mashine ipi inunuliwe, lini, na iwekwe wapi.

Turudi kwenye madai yenyewe. Tarehe 29 Novemba 2012, wafanyakazi wapatao 200 wa migahawa ya vyakula vya haraka jijini New York waliacha kazi wakaingia barabarani. Walitaka dola 15 kwa saa, na walitaka haki ya kuunda chama bila kufukuzwa. Watu wanakumbuka lile la kwanza tu. Nyuma yao kilisimama SEIU, chama kikubwa cha wafanyakazi wa huduma, na kabla ya miaka minne kwisha, Aprili 2016, magavana wa California na New York walisaini siku moja sheria za kupandisha kima cha chini hatua kwa hatua kuelekea dola 15.

Kwa nini watu wenye kazi dhaifu namna hiyo walithubutu? Jibu moja lilitoka kwenye karatasi ya waajiri wenyewe. Mwaka 2013 McDonald's, kwa kushirikiana na Visa, iliwaandalia wafanyakazi wake mfano wa bajeti ya mwezi ili wajifunze kutunza fedha. Mstari wa kwanza wa mapato: mshahara wa kazi ya kwanza, dola 1,105. Mstari wa pili: mshahara wa kazi ya pili, dola 955. Kampuni ilipokaa kuonyesha jinsi mfanyakazi wake anavyoweza kuishi, haikuweza kuifanya hesabu ikae sawa bila kumpa mwajiri mwingine. Kodi ya nyumba iliwekwa dola 600, bima ya afya dola 20, na gharama ya kupasha nyumba joto, katika nchi ambayo majimbo mengi yanaganda miezi kadhaa kwa mwaka, ilikuwa sifuri. Baadaye tarakimu hiyo ya mwisho ilirekebishwa. Ile kazi ya pili ndiyo iliyosema ukweli wote. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia za wafanyakazi wa mstari wa mbele wa sekta hii, asilimia 52, zilikuwa zikitegemea angalau msaada mmoja wa serikali, kwa gharama ya karibu dola bilioni 7 kwa mwaka. Pengo la mshahara lilikuwa likizibwa na mlipa kodi.

Ndipo vikaja vitisho. Mei 2016 Ed Rensi, aliyewahi kuiongoza McDonald's upande wa Marekani, alisema kwenye televisheni ya Fox Business kwamba ni nafuu kununua mkono wa roboti wa dola 35,000 kuliko kumlipa mtu asiye na ufanisi dola 15 kwa saa afungashe chipsi. Kauli ile ilinukuliwa kila kona. Sijaona wengi waliochukua kalamu wakaipigia hesabu, basi tuipige.

Mtu mmoja akifanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki 52, anatimiza saa 2,080. Kwa dola 7.25 huo ni mshahara wa dola 15,080 kwa mwaka. Kwa dola 15 ni 31,200. Lakini mkono wa roboti hauendi nyumbani zamu inapokwisha. Tuseme mgahawa uko wazi saa 16 kwa siku, kila siku ya mwaka: hizo ni saa 5,840 za mtu kusimama kwenye chipsi, na hata kwa mshahara uleule wa 7.25 zinagharimu dola 42,340. Kwa hesabu ya Rensi mwenyewe, mkono wa dola 35,000 ungekuwa umerudisha fedha zake kabla mwaka haujaisha, bila mfanyakazi yeyote kuongezwa hata senti moja. Ongeza umeme na matengenezo, bado ingekuwa biashara nzuri. Kama mkono huo ungeweza kweli kuibeba kazi ya mtu, kila mwenye mgahawa Marekani angeshaununua zamani. Haukununuliwa kwa sababu haukuweza. Alikuwa akiwatishia nyau.

Mwenzake Andy Puzder, aliyekuwa bosi wa kampuni inayomiliki Carl's Jr. na Hardee's, alikwenda mbali zaidi mwaka huohuo. Mashine, alisema, siku zote zina adabu, haziendi likizo, hazichelewi, hazitelezi zikaumia, wala hazifungui kesi za ubaguzi wa umri, jinsia au rangi. Mwishoni mwa mwaka huo Donald Trump alimteua kuwa waziri wa kazi, uteuzi aliojitoa mwenyewe Februari 2017 kabla ya Seneti kuupigia kura. Isome tena orodha yake. Likizo, kuumia kazini, kesi za ubaguzi. Mshahara haumo. Kinachomkera ni haki zote ambazo binadamu huja nazo kazini, na hizo zingemkera hata kama kima cha chini kingekuwa dola tano.

Sasa tuitazame roboti yenyewe kwa karibu. Machi 2018, tawi la CaliBurger mjini Pasadena, California, lilimzindua Flippy, mkono wa chuma wenye kamera uliotengenezwa na kampuni ya Miso Robotics kugeuza nyama za baga. Mtu ndiye aliyeweka nyama mbichi kwenye sahani ya moto. Flippy aliitazama, akaigeuza wakati wake ulipofika, akaiondoa. Jibini, mboga, mchuzi, mkate, kufunga, vyote vikabaki kwa watu. Umati ulijaa kuja kushuhudia, na baada ya muda mfupi kabisa roboti ikapumzishwa, kwa maelezo kwamba wafanyakazi waliokuwa pembeni yake walihitaji mafunzo zaidi ili waendane na kasi yake. Yaani kugeuza nyama hakukuwa ndiko kulikokuwa kukikwamisha jikoni. Aliyewahi kusimama jikoni kwenye shughuli anajua: kugeuza ni kazi ya sekunde tatu, kinachochosha ni mambo ishirini yanayozunguka zile sekunde tatu. Miso wenyewe walilijua hilo, wakamhamishia Flippy kwenye mafuta ya kukaangia, kazi yenye joto na majeraha ambayo vijana huikimbia. White Castle ilianza kumjaribu huko mwaka 2020. Huo ni uamuzi wa maana, na sina kinyongo nao: mafuta yanayochemka yamewaunguza watu wengi mno.

Tamaa ya mgahawa usio na mhudumu ni ya zamani kuliko sheria za kima cha chini Marekani. Juni 1902 kampuni ya Horn & Hardart ilifungua Automat yake ya kwanza Philadelphia, kwa mashine zilizotoka Ujerumani. Ukuta mzima ulikuwa na vijidirisha vya vioo. Mteja anatumbukiza sarafu, anazungusha kitasa, kijidirisha kinafunguka, anachukua sahani yake. Kima cha chini cha taifa la Marekani kilikuja mwaka 1938, kwa senti 25 kwa saa. Wakati ule wa Philadelphia hakuwepo wa kulaumiwa kwa kudai mno. Na nyuma ya ule ukuta wa vioo walikuwepo wanawake na wanaume wakijaza sahani upya kila kijidirisha kilipobaki kitupu. Automat ya mwisho ilifungwa New York mwaka 1991.

Mashine ambayo imefanikiwa kweli katika biashara hii ni ya kawaida kabisa: skrini ya kuagizia. Nayo haikuanzia kwenye mgogoro wa dola 15. Mwaka 2011, mwaka mmoja kabla ya mgomo wa New York, McDonald's ilikuwa tayari imetangaza kuweka skrini 7,000 kwenye migahawa yake ya Ulaya. Sababu yake inaeleweka ukiiangalia ikifanya kazi. Unagusa baga, inakuuliza kama unataka mlo kamili. Ukikubali, inakuonyesha chipsi kubwa, picha inang'aa. Kabla hujalipa inakuletea aiskrimu na keki. Keshia wa kibinadamu mwenye foleni ya watu kumi husahau kuuliza, au huona haya kumuuliza mara ya tatu mtu aliyekwisha kusema hapana. Mteja naye huona haya kuagiza kingi mbele ya watu. Skrini haisahau, na mbele yake hakuna anayeona haya. Wenye kampuni wamesema mara nyingi kwamba mtu akiagiza kwenye skrini hutumia zaidi. Kwa maneno mengine, skrini ingenunuliwa hata kama keshia angefanya kazi bure, kwa sababu inauza kuliko yeye.

Kule nyuma nako kazi haikupungua kama wengi walivyodhani. Zamani agizo lilikuja kwa njia mbili: kaunta na dirisha la magari. Sasa yanaingia kwa wakati mmoja kutoka kaunta, dirishani, skrini nne za ukumbini, programu ya kampuni kwenye simu, na kampuni za kupeleka chakula majumbani. Yote yanaangukia skrini ileile ya jikoni, kwa watu walewale watano. Na maagizo yenyewe yamekuwa marefu, maana mtu anayegusa picha anaongeza hiki, anaondoa kile. Keshia aliyeondolewa kaunta amesogezwa kwenye kuandaa mifuko, na akiwa mzima wa afya anatakiwa afanye kwa kasi ambayo zamani ingehitaji watu wawili. Hapo ndipo malalamiko mengi ya wafanyakazi yalipo, na ni jambo ambalo mjadala wa kufukuzwa na roboti unalifunika kabisa: mashine inaweza kumwacha mtu kazini na bado ikamchukulia pumzi yake.

Akili mnemba kwenye dirisha la magari imekuwa na safari yake. McDonald's na IBM walijaribu mfumo wa kupokea maagizo kwa sauti kwenye migahawa zaidi ya 100, wakausitisha Julai 2024, baada ya video za wateja waliowekewa nyama ya nguruwe kwenye aiskrimu na vipande vya kuku ambavyo hawakuviomba. Taco Bell nayo, ikiwa na mfumo wa namna hiyo katika matawi zaidi ya 500, ilisema mwaka 2025 kwamba inafikiri upya ni wapi utumike, baada ya mteja mmoja kuagiza vikombe 18,000 vya maji. Mifumo hii itaboreka, sina shaka. Lakini ratiba ya kuboreka kwake inaandikwa kwenye maabara za kompyuta, na haina uhusiano na anacholipwa mama anayefungasha chipsi.

Nimefika sehemu ambayo mtu mwenye msimamo kama wangu hushawishika kuipita haraka. Sitaipita. Upo ushahidi kwamba mshahara wa lazima ukipanda, kazi zinazoweza kufanywa na mashine hupungua mikononi mwa wenye elimu ndogo. Grace Lordan na David Neumark walilionyesha hilo katika utafiti wao wa mwaka 2018, na athari waliyoiona ilikuwa ndogo lakini ilikuwepo. Kisha ikaja California. Septemba 2023 gavana Gavin Newsom alisaini sheria ya AB 1228, na kuanzia tarehe 1 Aprili 2024 migahawa ya vyakula vya haraka ya kampuni zenye matawi angalau 60 nchini ililazimika kulipa dola 20 kwa saa, kutoka kima cha jimbo cha dola 16. Robo nzima imeongezwa kwa siku moja, kwa watu zaidi ya nusu milioni.

Kilichofuata kimewagawa wachumi. Michael Reich na wenzake wa Berkeley walihitimisha kwamba ajira haikupungua na bei zilipanda kidogo tu. Jeffrey Clemens, Olivia Edwards na Jonathan Meer, katika utafiti wa mwaka 2025, waliona kwamba ajira ya sekta hii California ilishuka kwa asilimia 2.7 ikilinganishwa na sehemu nyingine za Marekani, na makadirio yao ya kati yakawa kazi kama 18,000 zilizopotea. Sioni sababu ya kuwatuhumu hawa au wale. Mimi naelekea kuamini kwamba kazi kadhaa zilipotea, kwa maana nyongeza kubwa ya ghafla haiwezi kupita bila kumgusa mtu, na kijana ambaye hakuajiriwa haonekani kwenye picha yoyote. Lakini ningeomba watu waangalie kilichopimwa. Tafiti hizi zinapima ajira, hazipimi roboti. Saa za zamu zikipunguzwa, tawi linalosuasua likifungwa, nafasi ya aliyeacha ikiachwa wazi, yote hayo yanaingia kwenye hesabu, na hakuna hata moja linalohitaji mkono wa chuma.

Kisa kilichonishtua zaidi California hakikuwa na mashine ndani yake. Desemba 2023, miezi michache kabla sheria haijaanza, wamiliki wa matawi ya Pizza Hut katika jimbo hilo walitoa notisi ya kuwaachisha kazi madereva zaidi ya 1,200 waliokuwa wakipeleka piza. Piza haikuacha kupelekwa. Iliendelea kupelekwa na binadamu, kwa magari ya binadamu, kupitia programu za kampuni za kupeleka chakula, ambazo madereva wake kisheria hawahesabiwi kuwa waajiriwa. Wapiga kura wa California walikwisha kulipitisha hilo mwaka 2020 kwa kura iliyoitwa Prop 22, baada ya kampuni hizo kumwaga fedha nyingi kwenye kampeni. Dereva aliyekuwa na haki ya kima cha chini cha dola 20 angebadilishwa na dereva asiyekuwa na haki hiyo. Teknolojia iliyofanya kazi pale ilikuwa simu na kipengele cha sheria. Ukiniuliza nani anachukua kazi za wafanyakazi hawa, nitakuonyesha hapo kabla ya kukupeleka kwa Flippy.

Ili uelewe kwa nini mwenye tawi hukimbilia njia hizo, lazima ujue fedha za baga zinavyogawanywa. Karibu asilimia 95 ya migahawa ya McDonald's duniani haiendeshwi na McDonald's. Inaendeshwa na wafanyabiashara waliopewa leseni ya kutumia jina, na mara nyingi kampuni ndiyo mwenye nyumba wao vilevile. Kampuni hukata kodi ya pango na asilimia ya mauzo, ambayo kwa migahawa mipya ya Marekani ilipandishwa mwaka 2024 kutoka asilimia 4 hadi 5. Zingatia neno mauzo: kampuni inakata chake kabla haijajulikana kama mwenye tawi amepata faida. Nyama na mikate ananunua kwa wauzaji walioidhinishwa. Kodi haiwezi kujadiliwa. Kinachobaki mkononi mwake cha kubana ni zamu za watu. Kwa hiyo mshahara unapopanda anayelia kwenye televisheni ni mwenye tawi, na kilio chake ni cha kweli, ila aliye juu yake hatikisiki. Ndiyo maana nasema wanaouliza kama mwenye tawi anaweza kumudu dola 20 wanauliza nusu ya swali. Nusu nyingine ni kwa nini asilimia ya kampuni haikupungua hata kidogo.

Denmark inafaa kutazamwa hapa. Nchi hiyo haina sheria ya kima cha chini. McDonald's ilipoingia ilikataa kusaini mkataba wa hali bora na chama cha wafanyakazi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 vyama vingine vikaingilia kati: wachapaji wakakataa kuchapa makaratasi yake, wapakuzi wakakataa kushusha mizigo yake. Kampuni ilisaini. Leo mfanyakazi wake kule hulipwa zaidi ya dola 20 kwa saa, na ana likizo yenye malipo na akiba ya uzeeni. Skrini zipo Denmark pia, tena nyingi. Zilikuja, na walioko nyuma yake wakaendelea kulipwa vizuri. Tofauti na Texas haiko kwenye vifaa.

Na kwa msomaji wa huku kwetu, Kericho nchini Kenya imelionyesha hilohilo kutoka upande wa pili. Mchuma chai analipwa kwa kilo, shilingi chache sana ukilinganisha na dola za California, na bado mashine za kuchumia zilifika. Chama chao, KPAWU, kiligoma mwaka 2010 kuzipinga. Mei 2023 maandamano yaligeuka moto, mashine zikachomwa, mtu mmoja akapoteza maisha. Kama mshahara mdogo ungekuwa kinga dhidi ya mashine, wachumaji wa Kericho wangekuwa watu salama kuliko wote duniani. Waliishi na ule mshahara kwa miaka mingi, nao haukuwapa chochote cha kujikinga nacho, wala notisi ya maana, wala fungu la kuanzia maisha mengine.

Notisi na fungu hilo si ndoto. Chama cha Culinary, kinachowakilisha wapishi na wahudumu wa hoteli za Las Vegas, kiliingiza teknolojia kwenye mkataba wake wa mwaka 2018: mwajiri anayetaka kuleta mashine itakayogusa kazi za watu atoe taarifa mapema, na awape mafunzo. Katika mkataba wa mwaka 2023 wakaongeza malipo ya dola 2,000 kwa kila mwaka aliofanya kazi mtu ambaye nafasi yake imefutwa na teknolojia. Oktoba 2024 wapakuzi wa bandari za mashariki mwa Marekani waligoma siku tatu, wakapata nyongeza ya asilimia 62 kwa miaka sita, na mkataba wa Januari 2025 ukaweka masharti juu ya mitambo mipya. Walidai fedha na ulinzi kwa wakati mmoja, kwa mdomo mmoja. Hakuna aliyewaambia wachague.

Wafanyakazi wa baga Marekani hawana mkataba kama huo kwa sababu lile dai la pili la Novemba 2012, la chama, limebaki bila jibu karibu kila mahali. Kila tawi lina bosi wake, watu huingia na kutoka kiasi kwamba migahawa mingi hubadili wafanyakazi wote ndani ya mwaka, na ukipanga chama Januari, Desemba hutawakuta uliowapanga. California imepata kitu kilicho karibu: AB 1228 iliunda baraza la wajumbe tisa wenye kura, ndani yake wafanyakazi, wenye matawi na kampuni, lenye uwezo wa kupandisha kima cha chini kila mwaka kwa kiwango kisichozidi asilimia 3.5 na kupendekeza kanuni za hali ya kazi. Tangu lianze, sauti kubwa imekuwa juu ya nyongeza ijayo. Mimi ningetamani viti vya wafanyakazi vilete mezani vipengele vya Las Vegas kama vilivyo: miezi sita ya notisi kabla ya mashine yoyote inayopunguza zamu, na malipo kwa miaka aliyotumikia mtu. Wakivileta, kampuni zitalazimika kujibu hadharani jambo ambalo hadi sasa zimelijibu kwa vitisho tu: mwaka ujao mnaleta mashine zipi, kwenye matawi gani, na ni watu wangapi watakaokuta majina yao hayamo kwenye ratiba ya zamu.